Zabibu Mbili, Chupa Moja: Mvinyo Mweupe wa Kigiriki kwa Siku za Joto

Hotuba kwa wanafunzi wa huduma ya vyakula na vinywaji, Arusha

Ndugu Mkuu wa Chuo, walimu, wenzangu wa kazi za hoteli, wanafunzi, na wageni wote mliofika: itifaki imezingatiwa. Nawashukuru kwa kunialika.

Niliambiwa nichague kinywaji chochote nikizungumzie. Nimechagua mvinyo mweupe wa Kigiriki, tena ule wa kuchanganya zabibu za aina mbili, ule wa bei ya kati ambao mgeni anauagiza mchana jua likiwa kali, anakula nao samaki, na chupa inakwisha kabla haijapata joto. Mvinyo wa kufungiwa kabatini miaka ishirini una wasemaji wake wengi. Huu hauna, na kwenye orodha zetu za vinywaji mara nyingi umewekwa mstari wa mwisho, bila maelezo yoyote.

Mmeshaona inavyokuwa. Mgeni anauliza, "Huu ni wa zabibu gani?" Mhudumu anajibu kama anayeomba radhi, kwamba ni mchanganyiko. Mgeni anahisi kuna jambo analofichwa, anarudisha macho kwenye orodha na kuchagua jina la zabibu moja alilolizoea. Wengi wetu tumekua tukijua kwamba kilichochanganywa kimechakachuliwa. Kwa dizeli na mafuta ya taa ni kweli kabisa. Kwa mvinyo mweupe wa nchi yenye joto kama Ugiriki, kuchanganya ni ufundi, na leo nataka mwondoke hapa mkiweza kumweleza mgeni huo ufundi kwa sentensi mbili, bila kigugumizi.

Humu ndani wapo wasiotumia kileo, kwa imani au kwa uamuzi wao. Hotuba hii ni yenu pia. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa na pua na macho, na mhudumu anayejua anachokimimina haulizwi kama anakinywa.

Tuanze na tatizo lenyewe, yaani joto. Zabibu ikiwa changa juu ya mzabibu ni chachu mno. Kadiri inavyoiva, sukari inapanda na uchachu unashuka. Kwenye nchi za baridi jambo hilo linakwenda polepole, mkulima ana muda wa kusubiri. Kwenye nchi ya joto sukari inakimbia na uchachu unayeyuka. Akivuna mapema, anapata mvinyo mkali usio na harufu. Akichelewa, anapata mvinyo mzito, wenye kilevi kingi, uliopooza mdomoni. Ugiriki ya Julai na Agosti ni kavu, nyuzi joto 35 si habari, na huko ndiko tunakotaka mvinyo wa kuburudisha utoke. Ndiyo maana mkulima wa Kigiriki anaanza na swali moja: ni zabibu gani inayoweza kuiva juani bila kupoteza uchachu wake?

Jibu mashuhuri kuliko yote linatoka kisiwa cha Santorini, na linaitwa Assyrtiko.

Santorini ni mabaki ya volkano. Miaka takriban 3,600 iliyopita ililipuka mlipuko mkubwa mno, katikati ya kisiwa ikazama baharini, na kilichobaki kikafunikwa na majivu na mawe mepesi yenye matundu. Ukitazama ardhi ya shamba la mizabibu huko, huoni udongo tuliouzoea hapa Arusha, ule mweusi unaong'ang'ania kwenye viatu. Ni mchanga wa kijivu uliochanganyika na kokoto, unamwagika katikati ya vidole. Udongo wa mfinyanzi karibu haumo kabisa. Hilo liliokoa mizabibu ya kisiwa hicho. Katika karne ya 19 kijidudu kiitwacho filoksera kilitoka Marekani kikaingia Ulaya, kikala mizizi ya mizabibu nchi baada ya nchi, hata leo mashamba mengi ya Ulaya yanasimama juu ya mizizi ya kupandikizwa kutoka Marekani. Kwenye mchanga wa Santorini kijidudu hicho hakiwezi kuishi. Mizabibu ya pale imesimama kwenye mizizi yake yenyewe, mingine mizee kupita kumbukumbu ya mtu yeyote aliye hai.

Na jinsi inavyolelewa! Upepo wa kaskazini unaoitwa meltemi unavuma kisiwani wakati wa kiangazi, unabeba mchanga, unaweza kuchubua chipukizi zote kwa siku moja. Basi mkulima hausimamishi mzabibu wake kwenye nguzo. Anaukunja matawi, anayasuka duara juu ya duara mwaka hadi mwaka, mpaka mzabibu unakuwa kapu lililolazwa chini. Kapu hilo wanaliita kouloura. Vishada vinaning'inia ndani yake, vimekingwa na majani dhidi ya jua na upepo. Mvua ya kiangazi hakuna. Usiku ukungu unapanda kutoka baharini, yale mawe yenye matundu yananyonya unyevu, na mzabibu unaishi kwa hicho. Mavuno ni haba. Lakini zabibu inayotoka humo ina sukari ya kutosha na uchachu mkali kwa wakati mmoja, jambo ambalo ni nadra duniani. Siku hizi Assyrtiko imepandwa sehemu nyingi za Ugiriki bara, na hata Australia wameichukua, kwa sababu kila mwenye shamba kwenye joto anatafuta zabibu ya namna hiyo.

Kwa nini basi isinywewe peke yake? Inanywewa, na chupa nzuri ya Santorini ni kitu cha heshima kubwa. Lakini Assyrtiko ni kali. Harufu yake ni ya kujibana: ganda la limau, mawe yaliyoloa, chumvichumvi. Mgeni ambaye hajazoea anaonja mara ya kwanza na kukunja uso. Wakulima wa Santorini wenyewe walilijua hilo zamani. Kisiwani kuna zabibu mbili nyingine nyeupe, Athiri na Aidani, ambazo ni laini na zina manukato, na kwa desturi zimekuwa zikiingizwa kidogo kidogo pamoja na Assyrtiko. Hadi leo sheria ya mvinyo wenye jina la Santorini inaruhusu hizo mbili ziingie, mradi Assyrtiko iwe ndiyo kubwa. Kwa hiyo mchanganyiko haukubuniwa na kiwanda ili kupunguza gharama. Ni desturi ya shambani.

Sasa nije kwenye chupa niliyokuja kuizungumzia, na kwa hiyo lazima niwasimulie habari za zabibu ya pili, ambayo nusura ipotee duniani.

Malagousia ni zabibu ya magharibi mwa Ugiriki, maeneo ya Nafpaktos. Kufikia katikati ya karne ya 20 ilikuwa imebaki mizabibu michache tu, hakuna aliyetengeneza mvinyo wa kuuza kwa jina lake. Mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Aristotle cha Thessaloniki, Profesa Vassilis Logothetis, alikuwa akikusanya aina za zamani za mizabibu ya Kigiriki, na Malagousia ikawemo. Ikapandwa kwa majaribio kwenye shamba kubwa la Porto Carras, huko Chalkidiki kaskazini mwa nchi. Mwaka 1976 shamba hilo lilimwajiri kijana mtaalamu wa mvinyo, Vangelis Gerovassiliou, aliyesoma kilimo Thessaloniki na kisha utengenezaji mvinyo Bordeaux, Ufaransa. Katika miaka hiyo ya 1970 alikamua Malagousia na kuitengenezea mvinyo peke yake, akagundua ana kitu cha ajabu mkononi.

Mwaka 1981 Gerovassiliou alianza kupanda upya shamba la familia yake kwao Epanomi, kijiji kilicho kusini mwa jiji la Thessaloniki, karibu na bahari, kwenye ardhi ya kichanga ambamo ukichimba unakuta mabaki ya makombe ya kale. Alipanda Malagousia aliyotoka nayo Porto Carras. Kutoka hapo zabibu hiyo ikaenea Ugiriki karibu yote. Leo ukikuta Malagousia kwenye orodha yoyote ya mvinyo, jua kwamba kuna profesa aliyekusanya vijiti na kijana aliyevikamua. Mimi hadithi hii inanigusa kila ninapoisimulia. Zabibu haipotei kwa kishindo. Inapotea mkulima mmoja anapong'oa safu moja, halafu mwingine.

Mvinyo mweupe wa shamba hilo la Epanomi ni Malagousia na Assyrtiko pamoja, na mchanganyiko huo umeigwa na wazalishaji wengi. Huo ndio ninaowapa kama mfano. (Ukifika Epanomi, kwenye shamba hilo kuna jumba la makumbusho lenye vizibuo vya chupa vya zamani kwa maelfu. Kwa mtu wa kazi yetu, ni mahali pa kwenda kabla hujafa.)

Naomba sasa mtazame meza hii. Nina glasi tatu.

Ya kwanza ni Assyrtiko peke yake. Itazameni rangi: karibu maji, na kijani kidogo pembeni. Mwenzenu huyu wa mbele anusie. Anasema haoni harufu kubwa, anaona limau. Sawa kabisa. Anayetaka kuonja aonje, na asikilize taya zake: mate yanatiririka pande zote mbili chini ya masikio. Hiyo ndiyo alama ya uchachu. Mvinyo unaokufanya utamani chakula unaanza hapo, kwenye taya.

Ya pili ni Malagousia peke yake. Hii hamhitaji kuinama. Pichi, ganda la chungwa, mnanaa, na nyuma yake asmini. Watu wa Pwani humu ndani wameshatabasamu, harufu ya asmini haiwapiti. Ukiionja ni laini, inajaza mdomo, halafu inaishia njiani. Unabaki na utamu wa harufu bila msukumo wa kurudia. Mwaka wenye joto kali inaweza kukuchosha kwenye glasi ya pili.

Glasi ya tatu ni tupu. Namimina mililita 50 za kwanza na mililita 50 za pili, nazungusha. Nuseni. Asmini imerudi nyuma hatua moja, imekuwa ya heshima zaidi. Limau imepata mwili. Na mdomoni, pale Malagousia ilipokuwa inaishia, Assyrtiko inapokea na kuendelea. Aliyepika mchuzi wa nazi anajua kazi ya ndimu inayokamuliwa mwishoni: nazi inabaki kuwa nazi, ila sasa unaweza kumaliza sahani.

Nimetumia nusu kwa nusu kwa sababu ni rahisi kupima mbele yenu. Jaribuni baadaye kwa saba na tatu, kisha kwa tatu na saba, mtaona vinywaji viwili tofauti kabisa. Kiwandani mtengenezaji hafanyi hivi na mvinyo uliokamilika kama mimi. Anafanya miezi kadhaa kabla, mvinyo ukiwa bado mchanga na mchafu kidogo kwa macho, anapima kwa vipimo vidogo vya maabara, anaonja, anatema, anaandika, anarudia. Na anachokionja sicho kitakachokuwa ndani ya chupa mwezi Juni. Inabidi akisie mvinyo utakavyokuwa ukishatulia. Hapo ndipo uzoefu unapolipwa.

Kabla ya kuchanganya, kila zabibu ina safari yake. Huvunwa kila moja kwa siku yake, kwa kuwa haziivi pamoja, na huvunwa alfajiri ili zifike zikiwa baridi. Manukato ya Malagousia yamo zaidi kwenye ganda, kwa hiyo mara nyingi juisi inaachwa ikae na maganda kwa saa chache kwenye ubaridi ndipo ikamuliwe taratibu. Kisha inaingia kwenye matangi ya chuma kisichoshika kutu, yenye mfumo wa kupooza. Chachu, yaani hamira ya mvinyo, inapokula sukari inatoa joto, na joto likiachwa lipande, harufu inaruka na hewa. Kwa hiyo tangi linashikiliwa kwenye nyuzi kama 16 hadi 18, na kazi ambayo ingekwisha kwa siku chache inachukua wiki mbili au zaidi. Kuna bakteria ambao wakiachwa hugeuza uchachu mkali wa tofaa kuwa uchachu laini wa maziwa. Kwa mvinyo wa namna hii aghalabu wanazuiwa, maana ukali huo ndio tunaoutafuta. Baadaye mvinyo unaweza kuachwa juu ya mashapo ya hamira hiyo kwa miezi michache ili upate unene kidogo. Mapipa ya mwaloni mara nyingi hayahusiki, au yanahusika kwa kiasi kidogo. Mwanzoni mwa mwaka unaofuata unatiwa kwenye chupa.

Ipo michanganyiko mingine, nitaipitia haraka. Kusini, kwenye rasi ya Peloponnese, Moschofilero, zabibu yenye ganda la rangi ya waridi na harufu ya maua, inalimwa kwenye uwanda wa juu wa Mantinia, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na wazalishaji wengi huichanganya na Roditis. Huo ni mwepesi zaidi, wa bei nafuu, mzuri kwa kunywa bila chakula. Kaskazini, upande wa Kavala, shamba la Biblia Chora limejipatia jina kwa kuchanganya Assyrtiko na Sauvignon Blanc ya Kifaransa. Mgeni anayependa Sauvignon na anaogopa majina ya Kigiriki, mwanzishie hapo. Krete wana Vidiano na Vilana. Retsina, ule wenye utomvu wa msonobari, ni habari nyingine na unastahili siku yake.

Twende kwenye lebo, kwa sababu mgeni akikuuliza utakuwa umeishika mkononi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inasema hivi: lebo ikitaja zabibu moja, angalau asilimia 85 ya mvinyo uwe umetokana na zabibu hiyo. Kumbe hata ile chupa ya "zabibu moja" anayoikimbilia mgeni wetu inaweza kuwa na asilimia 15 za zabibu nyingine, na ni halali. Lebo ikitaja zabibu mbili au zaidi, basi mvinyo wote uwe wa hizo zilizotajwa, na zipangwe kuanzia iliyo nyingi. Imeandikwa Malagousia kwanza, tegemea maua na pichi. Imeandikwa Assyrtiko kwanza, tegemea limau na ukali. Herufi za Kigiriki ΠΟΠ zinamaanisha eneo lenye masharti makali zaidi ya asili, na ΠΓΕ eneo lenye masharti mapana. Michanganyiko mingi mizuri ya kiangazi iko chini ya ΠΓΕ, na hilo lisiwatie shaka.

Halafu mwaka. Ugiriki wanavuna Agosti na Septemba, wanatia kwenye chupa mapema mwaka unaofuata, na shehena inatufikia huku baadaye. Msimu wetu wa joto, kaskazi inapovuma, ni Desemba hadi Machi, wakati wao wako kwenye baridi. Kwa hiyo Januari chupa changa kabisa mnayoweza kuwa nayo ni ya mavuno ya mwaka juzi. Mgeni akilalamika kwamba ni ya zamani, mwelezeni hivyo kwa adabu. Mchanganyiko huu uko vizuri ndani ya miaka miwili mitatu tangu kuvunwa, ikiwa umetunzwa. Na kutunzwa ndiko kunakotuangusha. Nimeona stoo iliyopakana na jiko, kreti zimepangwa chini ya dirisha la magharibi, na mvinyo uliosafiri bahari mbili unaharibika kwa wiki tatu mbele ya macho yetu. Rangi inakuwa ya dhahabu iliyokolea, harufu inakuwa ya tofaa lililokaa limekatwa. Mgeni anaonja, anasema mvinyo wa Kigiriki ni mbaya. Inaniuma sana, maana kuna mtu alisuka mizabibu, kuna mtu aliamka alfajiri kuvuna, na sisi tumeshindwa kutafuta chumba chenye kivuli. Wekeni chini, mbali na jua, mbali na jiko, mbali na mgongo wa friji.

Ubaridi wa kumimina ni nyuzi 8 hadi 10. Friji nyingi zetu za baa zinagandisha hadi 4, na kwenye nyuzi 4 Malagousia haina harufu hata chembe. Mgeni analipia asmini asiyoinusa. Itoeni mapema kidogo, dakika kumi kwa Arusha, dakika tano zinatosha Dar es Salaam au Mombasa. Chupa ikiwa ya moto na mgeni ana haraka, ndoo iwe na barafu na maji, nusu kwa nusu, na konzi ya chumvi. Barafu bila maji inagusa chupa sehemu chache, maji yanaizunguka yote. Ndani ya dakika kumi na tano hadi ishirini iko tayari. Mimina theluthi ya glasi, rudi tena. Kwenye joto letu glasi iliyojazwa pomoni inakuwa ya vuguvugu kabla haijafika nusu. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za kawaida. Asilimia 12 hadi 13 ya kilevi si maji, na mgeni mwenye ufunguo wa gari mezani aulizwe mapema kama anataka chakula na maji.

Na mgeni akitaka barafu ndani ya glasi? Mpe. Msimkunjie uso. Wagiriki wa kale walichanganya mvinyo na maji kwenye chombo kikubwa kiitwacho krateri, na kuunywa bila maji waliuona ni tabia ya washenzi. Walikuwa hata na chombo maalumu cha kupoozea mvinyo katikati ya karamu. Mwambie tu kwamba barafu itazima harufu, halafu mwachie uamuzi wake. Mimi binafsi nisingeweka.

Kwa kuwa nimewagusa hao wa kale, niseme neno moja kuhusu sisi na wao. Kuna mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unaoitwa Periplus ya Bahari ya Erythraea. Unaeleza pwani yetu hii hadi bandari ya Rhapta, wafanyabiashara walileta nini, walichukua pembe za ndovu na magamba ya kasa. Na unasema kwamba sehemu nyingine walileta mvinyo na nafaka, si kwa kuuza, bali kwa ajili ya kujenga urafiki na wenyeji. Baadaye sana, karne iliyopita, Wagiriki walikuja Tanganyika kulima mkonge na kahawa, na baadhi ya familia zao ziko Arusha na Moshi hadi leo. Kwa hiyo chupa hii tukiiweka mezani hapa, hatuweki kitu cha ugenini sana.

Nimalizie na chakula, mahali ninapopenda kukaa muda mrefu.

Kule visiwani utakuta pweza ameanikwa kwenye kamba nje ya mkahawa, jua limemkausha ngozi, kisha anawekwa juu ya mkaa, anakamuliwa limau, anamwagiwa mafuta ya zeituni. Pembeni kuna fava, rojo ya manjano ya jamii ya dengu inayolimwa Santorini kwenye mchanga uleule wa volkano, na kitunguu kibichi juu. Kuna saladi ya nyanya, matango na jibini ya feta. Nyanya ni chachu, feta ina chumvi na uchachu, limau ni chachu. Mvinyo laini ukiuweka hapo unageuka maji. Assyrtiko inasimama.

Sasa fikirieni kachumbari yetu. Nyanya, kitunguu, ndimu, chumvi: ni meza ileile. Pweza wa kuchoma wa Forodhani, ngisi wa kukaanga, changu aliyepakwa ndimu na kitunguu saumu, sato aliyekaangwa hadi ngozi ikalia, hivyo vyote chagueni chupa iliyotanguliza Assyrtiko. Samaki wa kupaka, wenye nazi na bizari, chagueni iliyotanguliza Malagousia, manukato yake yanakutana na viungo vizuri ajabu. Kuku wa nazi, vivyo hivyo. Pilipili kali inataka tahadhari: kilevi kinauchochea moto, kwa hiyo tafuteni chupa yenye asilimia ndogo na muipooze zaidi kidogo. Kwa nyama choma ya ng'ombe msimlazimishe mgeni. Mpelekeeni mwekundu, mradi msiupeleke ukiwa wa moto wa chumbani mwetu.

Swali nililotumiwa na mwanafunzi kabla ya leo lilikuwa hili: mgeni akiuliza kwa nini anunue mchanganyiko wakati kuna zabibu moja kwa bei hiyohiyo, amjibu nini? Mjibu hivi: "Mheshimiwa, humu kuna zabibu mbili za Kigiriki. Moja inaleta ukali wa limau unaofungua hamu ya chakula, nyingine inaleta harufu ya maua na pichi, nikuonjeshe kidogo?" Kisha umimine kidogo, unyamaze, umwache anuse mwenyewe.

Walimu wameniruhusu nusu saa ya mazoezi. Kila meza ina glasi tatu, kipimo cha mililita, na ndoo ya kutemea. Anzeni na ya kushoto, msiichanganye kwanza, andikeni mnachokinusa kwa Kiswahili chenu wenyewe, nami nitapita meza kwa meza kujibu maswali.